Sikio la tabibu lifundishwe kabla mgonjwa hajafikia kisu

Kimulot, kule Konoin katika kaunti ya Bomet, ni nchi ya majani chai, mbali na sisi watu wa Pwani. Hata hivyo kaunti hiyo ina somo kwetu. Humo imo hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya wamisheni mwaka 1937, na leo hufanya upasuaji wa moyo. Miongoni mwa wanaopasuliwa wamo vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Maradhi haya huanzia kooni. Mtoto huambukizwa bakteria aina ya streptokoka, asipotibiwa, kinga ya mwili huweza kuugeukia moyo wake mwenyewe. Akigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne huzuia homa isirudi na kuzidi kuula moyo. Swali ni nani atamgundua. Mara nyingi ni tabibu wa zahanati, na chombo chake ni stetoskopu, aliyoibuni Laennec mjini Paris mwaka 1816.

Chombo ni rahisi, kusikia ndiko kugumu. Moyo mzima hutoa milio miwili. Vali inayovuja huongeza mvumo, na vali iliyobana hutoa ngurumo ya chini inayompita asiyeizoea. Utafiti wa mwaka 1997 uliwapima madaktari waliokuwa mafunzoni Marekani. Walitambua kama mlio mmoja tu katika kila mitano.

Dawa yake ni kurudia. Tangu mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Miami kimekuwa na sanamu iitwayo Harvey, inayoiga milio ya moyo. Mwanafunzi huisikiliza mara mia bila kumchosha mgonjwa. Sanamu ni ghali, lakini milio iliyorekodiwa husikilizwa hata kwenye simu. Mpiga dumbaki naye hakuijua mipigo kwa kuisikia siku moja.

Tusijidanganye, sikio pekee halitoshi. Utafiti wa Kambodia na Msumbiji uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa ultrasaundi iliwaona wagonjwa takriban mara kumi zaidi. Lakini mashine haiko kila zahanati, na mtoto mwenye mvumo unaosikika hafai kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Mama wa Kimulot akiambiwa mwanawe ana mvumo, wapasuaji wa moyo wamo katika kaunti yake. Mama wa Faza huanza safari kwa mashua. Binti yake asipogunduliwa, huenda ugonjwa ukajitokeza akiwa mjamzito, pumzi zikimkatika.

Kwa hivyo vyuo vya matabibu vya Pwani vifanye mtihani wa kusikia moyo kuwa sharti la kufuzu. Kaunti nazo, ambazo ndizo waajiri, ziwarudishe mafunzoni walio kazini, na zihakikishe penisilini haikosekani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo hujengwa kwa kisu.