Meseji Zenu Zinatufikia, Zetu Hazipokelewi

Tumechoka kutumiwa meseji na watu wasiopokea meseji. Asubuhi ni kliniki inakumbusha chanjo ya mtoto. Mchana ni shule na salio la ada. Jioni ni duka tulikonunua feni mtandaoni, linasema mzigo uko njiani. Zote zinaingia WhatsApp, palepale tunapoandikiana na wazazi wetu na wenzetu wa vikoba, zikiwa na jina la kampuni na nembo yake. Basi mtu anajibu kama anavyomjibu binadamu mwenzake: "Samahani, dereva amepotea, sisi tuko nyuma ya msikiti." Meseji inakwenda. Tiki hazigeuki bluu siku hiyo wala kesho yake, na feni inarudishwa ghalani ikiandikwa kwamba mteja hakupatikana.

Vijana wa tehama tunaoishi nao mitaani wametueleza jinsi mambo haya yanavyokwenda, na tumeelewa vizuri. Tovuti ya shule au ya duka haitumi meseji yenyewe. Pembeni yake huwekwa programu ndogo, wenyewe huiita maikrosevisi, yenye kazi moja tu: kupokea namba ya mpokeaji na maneno, kuyapeleka WhatsApp au Telegram, basi. Ni kama tarishi wa ofisini. Telegram ilifungua mlango wa namna hiyo mwaka 2015, WhatsApp ikafungulia makampuni mwaka 2018, na tangu 2022 kampuni inaweza kupitia seva za Meta, mwenye WhatsApp, moja kwa moja bila kufunga mitambo yake. Hatuna ugomvi na mpango huo. Mfumo mkuu unaendelea na hesabu zake, tarishi anakimbia, na mzazi anapata taarifa bila kupanda daladala mbili kuifuata.

Ila tarishi yeyote aliyefanya kazi serikalini alitembea na daftari la kusaini. Barua ikifika, aliyeipokea anaweka sahihi. Isipofika, daftari linasema. WhatsApp nayo inatoa daftari hilo. Kila meseji ya kampuni inarudishiwa habari zake: imetumwa, imefika, imesomwa, au imeshindikana. Habari hizo hupelekwa kwenye anwani ambayo kampuni yenyewe imeitaja, na majibu yetu hupita njia hiyohiyo. Tunachonung'unikia ni kwamba wengi wamejenga njia ya kwenda, ya kurudi wakaiacha.

Na gharama ya uzembe huo tunailipa sisi, kwenye kaunta. Mama mmoja wa mtaani kwetu alitozwa faini ya kuchelewesha malipo ambayo hakuwahi kukumbushwa.

"Mama, mfumo unaonyesha ulitumiwa meseji," karani akamwambia.

"Mwanangu, simu hii hapa. Nionyeshe ilipo."

Karani aliiangalia simu, akaangalia skrini yake, akarudia yaleyale. Hakuwa na jinsi, kwa sababu skrini yake ilijua kitu kimoja tu: kwamba mfumo mkuu ulimkabidhi tarishi maneno, na tarishi akasema sawa. Kama namba ilikosewa tarakimu, kama laini ilishafungwa, kama programu ile ndogo ilizimika tangu Ijumaa na foleni ya meseji imelala ndani yake, skrini haina habari. Neno "imetumwa" linageuzwa kuwa "umepata", kisha linakuwa ushahidi dhidi ya mtu mzima aliyesimama mbele yako na simu mkononi. Mama alilipa. Jambo hili ndilo linalotuuma kuliko mengine yote. Kukosea kwa mtambo kunaweza kusameheka, lakini kuaminiwa kwa mtambo kuliko sisi hakuvumiliki.

Halafu kuna meseji za usiku. Saa 7 simu inaunguruma, na kwetu simu ya saa hizo mtu huwaza msiba. Unaamka moyo ukienda mbio, unakuta: "Ndugu null, salio lako ni Sh 0." Jina halikujazwa, pengo likaachwa na neno la mafundi. Dakika haijaisha inaingia ya pili, ileile, na ya tatu. Tulipouliza tuliambiwa seva inafuata saa za Greenwich, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kilichopangwa kutoka saa 4 usiku kinatufikia saa 7. Na zile za kurudiarudia? Mfumo mkuu ulisubiri jibu la tarishi, jibu likachelewa, ukadhani hakwenda, ukamtuma tena. Dawa yake ni kila meseji kupewa namba yake ya pekee, ili ikija mara ya pili tarishi aseme hii nimeshaipeleka. Fundi anayejua kazi yake anaifanya mapema. Wanaowahi kufungua huduma kabla haijapimwa wanatufanya sisi kuwa vipimo.

Tena si kila mmoja wetu ana simu janja. Wapo wazee wenye kitochi, na wapo wenye simu janja ambao bando linaisha tarehe 20. SMS ya kawaida inawafikia wote hao. Lakini siku hizi hata namba ya uthibitisho inatumwa WhatsApp peke yake, na asiye na bando anabaki nje ya akaunti yake mwenyewe. Na hata mwenye bando anaweza kukwama: tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Tarishi anaweza kuagizwa kwamba meseji ikikaa dakika kadhaa bila kufika, aitume kwa SMS. Tunaambiwa SMS ni ghali. Faini mnazotutoza nazo si ndogo.

Suala la namba zetu za simu nalo lina sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Tulitoa namba ili tuletewe feni, na kila Jumamosi sasa tunaletewa bei za makochi. Ukiandika "ACHENI" unarudi palepale, hakuna asomaye.

Wala wasituambie kujibu ni mzigo. Mteja akiandika WhatsApp, kampuni inapata saa 24 za kumjibu kwa maneno yake yenyewe, na tangu Novemba 2024 majibu ya humo hayatozwi na WhatsApp. Saa hizo zikipita ndipo inalazimika kurudi kwenye meseji za kiolezo zilizoidhinishwa mapema. Yaani mlango wa kuzungumza nasi uko wazi siku nzima bure, na unafungwa bila mtu kuchungulia.

Tunachotaka kinajulikana. Karani wa kaunta apewe skrini inayoonyesha kama meseji ilifika, si kama ilitoka tu, na pasipo na alama ya kufika faini ifutwe palepale. Majibu yetu yaangukie kwa mtu mwenye zamu na mshahara. Na kama hamna wa kumweka, basi chini ya kila meseji iandikwe namba ya simu inayopokelewa, ili mzee anayetafuta chanjo ya mjukuu wake asikae siku mbili akisubiri jibu kutoka mahali pasipo na mtu.