Tupu Si Sifuri: Josh Gibson na Ligi Ambayo Haikuwapo

Wadau, leo naandika kuhusu besiboli. Najua wengi wenu hamjawahi kutazama hata mechi moja, na wala si lazima. Yatosha kujua kwamba mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, na karibu kila tukio huandikwa kwa nambari. Mpigaji anayefaulu mara 300 katika nafasi 1,000 ana wastani wa 0.300, na huyo ni mchezaji hodari. Mchezo wa nambari namna hii lazima utuvutie sisi watu wa programu.

Mapenzi hayo yalianza kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Mwaka 1961 Mmarekani Hal Richman alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu ambamo kila kadi ilibeba uwezo wa mchezaji halisi. Mwaka 1999 Mjerumani Markus Heinsohn akatoa toleo la kwanza la Out of the Park Baseball, programu inayokuwezesha kuendesha ligi nzima kwa miaka mingi. Hapo ndipo watu hunogewa na kuigeuza historia: fulani asingeumia, timu fulani isingehama.

Swali linalonivutia mimi ni zito zaidi. Ingekuwaje kama wachezaji Weusi wasingefungiwa nje?

Tangu miaka ya 1880 hadi 1947 Ligi Kuu ya Marekani haikuwakubali. Hakukuwa na sheria ya kitabuni, ni wenye timu tu walioelewana. Weusi walianzisha ligi zao. Humo alicheza Josh Gibson, mdakaji wa Pittsburgh Crawfords na Homestead Grays. Bamba lake katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli linasema alivusha mpira nje ya uzio karibu mara 800, ukijumlisha na mechi zisizo za ligi. Zile zilizothibitishwa katika mechi za ligi hazifiki 200. Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35. Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili mwaka uo huo. Hesabu mwenyewe: hata miezi mitatu haikupita.

Basi nikaandika programu ndogo kwa Python. Msimu ni 1936, timu 16, kila timu mechi 154, na milango iko wazi. Gibson nikamweka Pittsburgh Pirates, timu ya Ligi Kuu ya mji uleule aliochezea. Kwa kikosi hicho kipya nikawapa Pirates uwezekano wa 0.570 wa kushinda kila mechi. Msimu wa kwanza walishinda mechi 94. Nikabonyeza tena bila kubadilisha herufi moja, wakashinda 81. Katika historia halisi, New York Giants walichukua ubingwa wa upande huo kwa ushindi 92. Kwa hivyo katika mwendesho wa kwanza Gibson ameliletea jiji lake kombe, na katika wa pili amerudi nyumbani mikono mitupu. Kikosi ni kilekile, ni bahati tu iliyogeuka.

Hapa ndipo nina ugomvi na wapenzi wengi wa michezo hii. Mtu anaendesha msimu mmoja, kisha anatangaza kwamba "kompyuta imeonyesha". Kompyuta haijaonyesha kitu! Imerusha shilingi mara nyingi na kukusomea matokeo. Kwa uwezekano huo wa 0.570, hesabu ya kawaida inakupa ushindi 88 kwa wastani, na takriban theluthi mbili ya misimu itaangukia kati ya 82 na 94. Msimu mmoja ni hadithi, na hadithi ni tamu, nazipenda. Ukitaka hoja lakini, endesha misimu 1,000 kisha unionyeshe mtawanyiko wote.

Ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi. Programu inahitaji nambari za kuanzia, na ligi za Weusi hazikuwa na makarani wa kutosha. Mechi nyingi hazikuandikwa popote, na nyingine zilibaki kama mistari michache katika magazeti ya Weusi. Sasa hifadhidata ina nafasi tupu. Utaweka nini?

Wapo wanaosema: kisichothibitishwa tukihesabu sifuri, ndiyo haki. Mtengeneza programu yeyote aliyefanya kazi na hifadhidata anajua kwamba tupu si sifuri. Sifuri ina maana tulipima tukakuta hakuna. Tupu ina maana hatukupima. Ukizichanganya, umechukua uzembe wa mwandishi wa kumbukumbu ukamwandikia mchezaji kama udhaifu wake.

Wapinzani wana hoja moja ya kweli, nami naikubali: misimu ya ligi hizo ilikuwa mifupi, na nambari chache huyumba. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.350. Katika nafasi 500, theluthi mbili ya misimu yake itakuwa kati ya 0.329 na 0.371. Katika nafasi 250 itapanuka, kati ya 0.320 na 0.380. Ndiyo maana wastani wa 0.466 wa Gibson mwaka 1943 usiuingize moja kwa moja kama uwezo wake. Lakini tazama vizuri: shaka inapanua masafa pande zote mbili, juu na chini. Haimsukumi mtu kwenye sifuri. Katika programu yangu uwezo wa Gibson haujafungwa kwa nambari moja. Kila msimu huchaguliwa upya ndani ya masafa hayo.

Je, kiwango cha ligi zao kilikuwa cha chini? Waangalie waliovuka. Robinson alichaguliwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa mwaka 1949. Roy Campanella, mdakaji kama Gibson, alichaguliwa mara tatu: 1951, 1953 na 1955. Satchel Paige aliingia Ligi Kuu mwaka 1948 akiwa na miaka 42, na bado akawasumbua vijana.

Ugomvi wa tatu: ubaguzi si swichi. Ni rahisi kuandika kigeu cha ndiyo au hapana, ukakizima, ukaendelea. Lakini baada ya Robinson kuingia, timu ya mwisho, Boston Red Sox, ilikaa hadi 1959 ndipo ikamchezesha Mweusi wa kwanza. Miaka 12! Wenye timu walewale waliofunga milango ndio wangeamua nani acheze, wangapi, na kwa mshahara gani. Tena nafasi zilikuwa chache: timu 16 zenye wachezaji 25 kila moja ni ajira 400 tu. Kila Mweusi aliyestahili kuingia alikuwa na mtu amekalia kiti chake. Simulesheni isiyomtoa yeyote inawafurahisha wote kwa uongo.

Ligi Kuu yenyewe imeanza kurekebisha. Desemba 2020 ilizitambua ligi saba za Weusi za kati ya 1920 na 1948. Mei 2024 ikaingiza takwimu zao katika kumbukumbu rasmi, na Gibson, kwa wastani wa 0.372, akampita Ty Cobb mwenye 0.367. Wengine walinung'unika. Mimi naona ni hatua ya kiuhandisi iliyochelewa: nafasi tupu imejazwa kwa kinachojulikana, na kisichojulikana kimeachwa kikiwa tupu.

Mtaniuliza mchezo wa Wamarekani unatuhusu nini. Unatuhusu kila tunapoandika fomu yenye thamani ya awali. Mama mboga aliyekopa na kulipa kwenye chama kwa miaka 20 hana rekodi katika mfumo wowote. Programu ya mikopo ikimpa sifuri, haijampima. Imemfungia nje kwa makubaliano ya kimya, na safari hii makubaliano hayo yamo ndani ya msimbo tuliouandika sisi.

Kwa hivyo endesheni ligi zenu mbadala, mchezeshe Gibson hadi azeeke. Ila mkimaliza, nionyesheni mlichokiweka kwenye nafasi tupu kabla ya kunionyesha bingwa. Waonaje?