Wakubwa wa Kanisa Wanapogombana, Sisi Tufanyeje?

Bwana Mhariri ametuomba tuandike katika ukurasa wa Kiswahili juu ya jambo linalowasumbua wanafunzi hapa shuleni. Mimi nalijua moja. Muhula huu wenzangu watatu wa kidato cha nne wameacha kuja sala ya jioni. Si wavivu, wala si walevi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akitusomea somo kwa sauti nzuri kuliko sisi sote. Nilipowauliza sababu, walinijibu karibu kwa neno moja: wamechoka. Wamechoka kusikia kila mwaka habari za askofu huyu na askofu yule, kundi hili na kundi lile, kanisa limefungwa, polisi wameitwa. Mmoja aliniuliza, "Kama wao wenyewe hawapatani, watatuhubiria amani gani sisi?"

Swali hilo ni la haki, nami sipendi kuona likijibiwa kwa haraka. Watu wazima hulijibu kwa njia mbili. Wengine hutuambia, "Nyamazeni, ombeni tu." Wengine hutuambia, "Hameni, mtafute kanisa lenye upendo." Kuhama si kazi ngumu katika mji huu wa Juba, ukitoka hapa kwenda Gudele kwa miguu utapita makanisa mengi ya mabati kabla hujatoka jasho. Walakini naona majibu yote mawili hayatoshi, na nitasema kwa nini.

Kwanza, yafaa tujue ya kuwa ugomvi huu si mpya. Vijana wa rika langu, hasa sisi tuliozaliwa kambini Kakuma tukaletwa nyumbani wakubwa, hudhani kwamba zamani kanisa lilikuwa shwari, kisha likaharibiwa na watu wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1976 Kanisa la Episkopali la Sudan lilipata Askofu Mkuu wake wa kwanza, Elinana Ngalamu. Ilipotimia miaka kumi, mwaka 1986, kukazuka ubishi kama muda wake umekwisha au haujaisha. Wengine walibaki naye, wengine wakamfuata Benjamina Wani Yugusuk, hata kanisa moja likawa na wakuu wawili. Wakati huo ulikuwa wakati wa vita. Mji wa Juba ulikuwa umezingirwa, chakula kikiletwa kwa ndege, na watu wenye njaa wakakaa wakibishana ni nani Askofu Mkuu wa kweli. Mambo hayo yaliendelea mpaka mwaka 1992 walipopatana.

Sasa nataka mwangalie jambo moja la miaka ileile, ambalo kwangu ni kubwa kuliko ubishi wenyewe. Huko Bor, Askofu Nathaniel Garang, aliyewekwa wakfu mwaka 1984, alikuwa upande wa pili wa vita, amekatwa mbali na wenzake. Hakuwa na mapadri wa kutosha, wala fedha, wala gari. Na katika miaka hiyohiyo ambayo wakubwa waligawanyika, Wadinka wa Bor walimiminika kubatizwa kwa maelfu, kuliko walivyopata kubatizwa tangu wamisionari walipojenga Malek mwanzoni mwa karne iliyopita. Waliowafundisha walikuwa vijana na wanawake, wengi wao wenye elimu ndogo kuliko yetu tuliokaa darasani leo. Mwanamke mmoja, Mary Alueel Garang, alitunga nyimbo ambazo Wadinka wanaziimba mpaka leo. Je, watu wale hawakusikia habari za ugomvi? Huenda walisikia. Lakini walikuwa na kazi mikononi, na mtu mwenye jembe hana nafasi ya kusimama kutwa akitazama ngumi za jirani.

Msidhani ninawasifu Wabor kupita kiasi. Mwaka 2020 ugomvi ulifika kwao pia, Askofu Mkuu wa Jonglei alipoondolewa katika kazi yake, na waumini wakagawanyika, wengine wakimfuata yeye, wengine wakimkubali aliyewekwa badala yake. Rafiki yangu mmoja wa huko aliniambia kwa uchungu, "Hata sisi!" Naam, hata wao.

Wakatoliki nao wasitucheke. Padri Stephen Ameyu alipokuwa Askofu wa Torit, alitangazwa Desemba 2019 kuwa Askofu Mkuu wa Juba, na baadhi ya mapadri na waumini wa hapa wakampinga waziwazi. Alisimikwa Machi 2020, na mwaka 2023 akafanywa Kardinali. Na Rumbek yalikuwa mabaya zaidi. Jimbo lile lilikaa karibu miaka kumi bila askofu, tangu Askofu Mazzolari alipofariki Julai 2011. Alipochaguliwa Padri Christian Carlassare, kabla hajawekwa wakfu, watu wenye bunduki walimwendea usiku, Aprili 2021, wakampiga risasi miguu yote miwili. Mwaka uliofuata mahakama hapa Juba ilimtia hatiani padri mmoja wa jimbo lilelile pamoja na watu wengine. Ndugu zangu, hili mimi siwezi kulipamba. Nilipolisikia nilikaa siku nyingi nisitake kuona joho la mtu yeyote. Carlassare mwenyewe alisema amesamehe, akarudi akawekwa wakfu Rumbek Machi 2022, akaingia kazini akitembea kwa miguu ileile. Yeye alirudi. Mimi ambaye sikupigwa hata jiwe nina udhuru gani wa kuondoka?

Wengine husema huu ni ugonjwa wetu sisi Wasudani Kusini, kwa kuwa tumezoea vita. Hilo nalo si kweli. Huko Nyanza, nchi ya Kenya, mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake walijitenga na Kanisa la Anglikana. Kundi lao waliitwa Johera, maana yake katika Kijaluo ni watu wa upendo. Watu wa upendo wakatengana! Na Tanzania, chini ya Mlima Meru, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri waligombana kwa sababu ya wengine kutaka dayosisi yao wenyewe, hata nyumba zikachomwa moto, na watu wakafa, na hao ni watu wa nchi tunayoisifu kwa amani. Tena tukifungua kitabu cha Matendo tunamkuta Paulo akitengana na Barnaba kwa sababu ya kijana Yohana Marko. Aliyeandika kitabu kile angeweza kuficha, hakuficha. Laiti wazee wetu wangeiga uwazi huo.

Maana kinachotuvunja moyo si ugomvi peke yake. Nyumbani kwetu pia watu hugombana, na hatuhami. Kinachotuvunja moyo ni kuona ugomvi uleule ukirudi, kama homa ya malaria iliyotibiwa nusu. Na mimi nasema unarudi kwa sababu tunautibu nusu. Watu wakipatana huchinjwa ng'ombe, hupigwa ngoma, wakubwa hukumbatiana mbele ya kamera, kisha kila mtu huenda kwake. Hakuna anayeuliza: je, katiba yasema wazi miaka ya askofu ni mingapi? Nyumba na gari ni mali ya nani akistaafu? Daftari la sadaka lasomwa mbele ya watu, au lakaa chini ya mto wa mtu mmoja? Kabila hili likipata kiti, makabila mengine yana uhakika gani kwamba hayatasahauliwa? Mambo haya hayana utukufu wowote. Ni mambo ya karani. Walakini naona ndiyo mara nyingi hukaa chini ya maneno makubwa ya dini tunayoyasikia. Hii ndiyo sababu jibu la "nyamazeni, ombeni" halinitoshi. Tuombe, ndiyo, lakini Mungu hatatusomea daftari la sadaka.

Sasa niwaambie habari ya parokia moja hapa mjini, ambayo sitaitaja. Nilisali pale miaka miwili. Wazee waligawanyika juu ya mchungaji, kundi moja likatia kufuli mlangoni. Kundi la pili, badala ya kuvunja, likatia kufuli lake juu ya lile la kwanza. Basi mlango ukawa na makufuli mawili, na kila upande una ufunguo mmoja usiofaa kitu bila wa mwenzake. (Wavulana tulicheka sana, lakini bibi mmoja mzee alikuja kila Jumapili akashika makufuli yale kwa mkono, akaondoka bila kusema.) Kundi la kwanza likasali katika rakuba, yaani kibanda cha nguzo na nyasi, upande wa barabara. Kundi la pili likasali kwenye ua wa mtu. Waimbaji wakagawana ngoma.

Palikuwa na mama aliyefundisha watoto wa Shule ya Jumapili. Pande zote mbili zilimwita aje kwao na watoto wake. Yeye alikataa kote. Alitandika mkeka chini ya mwembe uliokuwa katikati, akaendelea kufundisha kama kawaida. Wazee walimkasirikia, wakamwambia hana msimamo. Aliwajibu kwa Kiarabu cha Juba kwamba msimamo wake ni saa tatu asubuhi. Watoto wa pande zote walikuja, kwa kuwa mtoto hufuata wimbo, wala haulizi katiba. Mvua ikinyesha waliingia jikoni kwake. Baada ya miezi mingi baba zao wakaanza kusimama nyuma ya mwembe kuwangoja, kwanza mbalimbali, halafu karibu. Sisemi kwamba mama yule ndiye aliyewapatanisha. Walipatanishwa na kikao kirefu sana, na makelele mengi. Nasema tu kwamba katika parokia nzima ni yeye peke yake ambaye sikumwona amekata tamaa, na nadhani najua sababu. Kazi yake haikungoja mshindi.

Basi wenzangu watatu, na wengine mnaofikiri kama wao, nawaombeni hivi. Jitafutieni katika kanisa kazi ambayo haitegemei nani ameshinda kiti. Kuwafundisha watoto kusoma, kuwatazama wagonjwa, kuwachotea maji wazee wa Kator wasio na watoto, kurekebisha mabenchi. Tena mpunguze kusoma habari za ugomvi katika simu. Nimewaona wenzetu Jumamosi wakichangamkia matusi ya makundi kama watu wanaotazama mpira, kisha Jumapili wanashangaa moyo umekuwa mzito. Na mtu asikutie katika kundi lake kwa kukuambia, "Huyu ni wa kwenu." Anayekuita kwa jina la kabila katika jambo la Mungu anatafuta idadi ya vichwa.

Kama umechoka kweli, lala. Sifanyi mzaha. Nabii Elia alipokata tamaa akaomba afe, Mungu hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadaye ndipo alipompa kazi, na kumwambia kwamba hayuko peke yake kama anavyodhani.

Najua mtaniambia, "Wewe watufundisha kufumba macho." La hasha. Miaka michache ijayo sisi ndio tutakaokaa katika vikao vya parokia. Wengine wetu tutakuwa makatibu na watunza hazina, kwa kuwa tunajua kuandika. Siku hiyo tuulize maswali yale ya karani, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika. Aliyehama hawezi kuyauliza. Aliyenyamaza siku zote hatajua namna ya kuyauliza. Hata hivyo sitamhukumu mtu aliyeumizwa sana akaenda kusali mahali pengine. Kuna majeraha ambayo mimi siyajui.

Neno la mwisho ni kwenu wazee wetu mliosoma hapa zamani. Baadhi yenu mlikuwa vijana Juba kati ya mwaka 1986 na 1992. Mliketi wapi siku za Jumapili? Mlimsalimu vipi mwenzenu wa upande wa pili mlipokutana sokoni Konyo Konyo? Ni nani aliyekuwa wa kwanza kuvuka, na alipokewaje? Tunazijua tarehe, lakini mambo haya hatukuambiwa, labda kwa sababu mnaona haya. Tafadhali yaandikeni, kwa Kiswahili au kwa Kiarabu, hata ukurasa mmoja, mimi nitayatafsiri. Mhariri amekubali kuyapa nafasi katika toleo lijalo, na wale wenzangu watatu wameahidi kuyasoma.