Sikio Halizidi Kichwa

Wasee, leo tuongee masikio, na sicheki. Fungua Sheria ya Kulinda Data ya 2019, pale inapoeleza bayometriki ni nini. Utakuta alama za vidole, DNA, retina, sauti, halafu umbo la ndewe. Ndewe! Hiyo nyama laini unayotoboa uvae herini. Hata mabadiliko ya sheria ya 2018 yaliyotuletea Huduma Namba yaliitaja. Januari 2020 Mahakama Kuu ikapiga marufuku kukusanya DNA na GPS ya nyumba zetu, lakini ndewe ikaachwa hapo hapo kwa karatasi.

Najua mtaniambia: "Si walichukua tu picha na vidole?" Sawa. Lakini mlango ukiachwa wazi, kuna siku mtu ataingia.

Watetezi wanasema sikio ni kitambulisho poa kwa sababu mikunjo yake haibadiliki ovyo kama uso. Kwa sehemu ya juu, kuna ukweli. Sasa mbona sheria yetu ikachagua ndewe, sehemu inayobadilika kushinda zote? Umri unaivuta. Herini nzito inaipasua. Na hii ni Kenya, nchi ya wazee Wamaasai, Wasamburu na Wakalenjin waliotoboa na kunyoosha ndewe hadi zikagusa shingo. Huyo nyanya mashine itamsoma vipi? Tayari kuna wakulima ambao jembe limewafuta alama za vidole. Tuwaongezee kukataliwa kwa sababu ya masikio?

Na mashine ikikosea, analipa nani? Uingereza mwaka wa 1998 mwanamume alifungwa kwa mauaji, ushahidi mkubwa ukiwa alama ya sikio kwenye kioo cha dirisha. Wataalamu waliapa ni yake. Baadaye DNA ikaonyesha si yake, na 2004 akawa huru. Hiyo ni miaka ya maisha ya mtu, manze, na hakuna wa kumrudishia.

Kingine: kidole unakitoa mwenyewe, unajua umekitoa. Sikio linapigwa picha kutoka kando ukiwa stejini unangoja matatu, na hujui lolote. PIN ikiibwa, unabadilisha. Sikio likiibwa utabadilisha na nini?

Kwa hivyo wabunge wetu, kazi ni rahisi. Toeni ndewe kwenye orodha ya vitu ambavyo serikali inaweza kutudai tukijisajili. Kwenye Sheria ya Data ibaki tu kama kitu cha kulindwa. Na yeyote anayetaka kiungo kipya cha mwili wetu aje kwanza atueleze hadharani: cha nini, kitakaa wapi, nani atakiona, na mashine ikikosea nitalalamika kwa nani.

Wahenga walisema sikio halizidi kichwa. Basi hata kwa sheria lisizidi mtu mwenyewe. Nikisema mimi ni nani na nina karatasi zangu, ndewe isinipinge.