Bure ya Dirisha la Tatu

Hospitali ya umma nchini Tanzania ina madirisha matatu: la bima, la fedha taslimu na la msamaha. La kwanza lina foleni ndefu. La pili lina foleni fupi na namba ya malipo. La tatu, mara nyingi, lina kiti kitupu na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: subiri afisa ustawi wa jamii. Kwa sera ya nchi, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bure. Katika afya ya umma hakuna neno lenye ujanja kuliko hilo.

Wiki hii, katika hospitali moja ya wilaya isiyohitaji kutajwa, kwa kuwa zinafanana, bibi mwenye shinikizo la damu alifika saa moja asubuhi na kitambulisho chake cha mzee. Alikaa chini ya bango linalohimiza wazee wapishwe. Afisa wa msamaha aliingia saa tano, akagonga muhuri. Saa saba daktari alimwona, akamwandikia dawa tatu. Dirisha la dawa lilimpa moja, ya maumivu ya kichwa, na mbele ya zile mbili nyingine likaandika neno fupi kwa kalamu nyekundu: "nje". Nje maana yake ni duka la dawa lililo mkabala na geti, ambalo dawa haziliishii hata siku za mvua. Mjukuu wake, dereva wa bodaboda, akalipa shilingi 28,000.

Hesabu hiyo inafundisha kuliko hotuba. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Ni shilingi 5,000 kwa kichwa, bei ya kuku nusu. Duka la mkabala lilichukua karibu mchango wote wa kaya kwa cheti kimoja. Anayeshangaa kwa nini mfuko huo hauna dawa hajawahi kupika.

Chanzo cha uhaba huo kiko kwenye pipa la fedha. Serikali hulipa mishahara na majengo. Wafadhili hubeba sehemu kubwa ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa za kawaida kutoka Bohari ya Dawa hutegemea sana makusanyo ya kituo chenyewe. Mwenye msamaha haingizi kitu, na hakuna anayekirudishia kituo gharama yake. Kwa hiyo kituo chenye maskini wengi ndicho chenye rafu nyeupe. Marekebisho yako kwenye mchakato (wasomaji wa safu hii na wacheke kimyakimya).

Haikuwa hivi siku zote, wala zamani haikuwa peponi. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku na matibabu yakawa haki isiyolipiwa, mpaka hazina ilipochoka. Mwaka 1991 binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ilipitishwa 1999 na mfuko ukaanza kazi 2001, kwanza kwa watumishi wa umma: asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi, 3 nyingine kutoka kwa mwajiri. Tangu hapo kadi ya bima imekuwa cheti cha ajira kuliko cheti cha afya. Mwenye mshahara huingia kwa kadi. Muuza mchicha huingia kwa pochi.

Hata kadi hiyo ina mipaka. Tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kuwapokea wenye kadi kwa kuwa bei zake haziwalipi. Wachangiaji waliokatwa mshahara kwa miaka wakajikuta, kwa siku hizo, kwenye dirisha la fedha taslimu. Hospitali za makanisa kama Bugando na KCMC ni kiumbe cha tatu, kati ya umma na binafsi: mali ya dini, lakini serikali huweka watumishi na ruzuku humo, na mgonjwa huzihesabu kuwa za umma mpaka aone bili.

Kenya iliamua kukata kila mtu: tangu Oktoba 2024 mfuko mpya unachukua asilimia 2.75 ya kipato, na asiye na ajira rasmi huulizwa anaishi nyumba ya namna gani kabla ya kupangiwa. Tanzania ilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ambamo ushuru wa soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha umetajwa kuwa chanzo cha kuwalipia wasio na uwezo. Bibi wa saa moja asubuhi hanywi soda; daktari amemkataza.

Alirudi nyumbani na karatasi mbili. Ya hospitali ilisema: kiasi kilicholipwa, sifuri. Ya duka la dawa haikuwa na muhuri wowote.