Mchuuzi wa usiku apewe saa zake, asifukuzwe

WAFANYABIASHARA wetu wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala wanaokwenda Bangkok, mji mkuu wa Thailand, kufuata nguo katika maduka ya jumla ya Pratunam, wakirejea husimulia mambo mawili: bei ya mzigo na chakula cha usiku.

Hilo la kwanza limezungumzwa vya kutosha. Leo tunazungumzia la pili, kwa sababu lina somo kwa miji ya nchi zetu, ambayo kila baada ya miaka michache huingia katika mvutano na wachuuzi wake.

Barabara ya Yaowarat, kitovu cha mtaa wa Wachina wa Bangkok, ina urefu wa takriban kilometa moja na nusu. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Mfalme Chulalongkorn. Mchana ni barabara ya maduka ya dhahabu. Jioni maduka hayo yanapofungwa, wachuuzi husukuma mikokoteni yao, hupanga meza na viti vya plastiki kando ya barabara na kuwasha majiko.

Hapo huuzwa supu ya tambi yenye pilipili manga, chaza waliokaangwa kwa mayai, kamba wa kuchoma na wali mtamu wa nazi unaoliwa na embe. Wateja si watalii peke yao. Wafanyakazi wanaotoka kazini hula hapo, au hufungiwa chakula wakaenda nacho nyumbani, kwa kuwa vyumba vingi vya kupanga katika jiji hilo havina jiko.

Asidhani mtu kwamba hali hiyo imepatikana bila mvutano. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997 ulioanzia Thailand, wengi waliopoteza ajira waligeukia uchuuzi. Kuanzia 2014 uongozi wa jiji ulianza kuwaondoa barabarani, kwa hoja kwamba njia za waenda kwa miguu zirudishwe kwa wenyewe. Maelfu walipoteza mahali pao pa kazi.

Aprili 2017 ikatangazwa kwamba wachuuzi wa vyakula wangeondolewa katika wilaya zote 50 za jiji kabla ya mwaka kwisha. Kelele zilisikika ndani na nje ya nchi. Siku chache baadaye jiji likafafanua kuwa Yaowarat na Barabara ya Khao San zingebaki, ila kwa masharti ya usafi na saa za kazi.

Tunakiri kwamba hoja ya jiji si ya kupuuzwa. Mama aliyebeba mtoto, mzee na mlemavu wa kiti cha magurudumu wana haki ya kupita. Mafuta machafu yakimwagwa mtaroni, mtaro huziba. Lakini palipoondolewa wachuuzi bila kupewa mahali penye wapita njia, wateja hawakuwafuata.

Ni kweli masoko mengine ya usiku yamezaliwa katika viwanja vya watu binafsi. Soko la Rot Fai Ratchada lilifungwa 2021 wakati wa janga la korona, na mwaka huo huo likafunguliwa la Jodd Fairs. Ni masoko ya kupendeza, yenye taa na ulinzi. Hata hivyo, humo mchuuzi hulipa kodi kwa mwenye eneo, na bibi mwenye mkokoteni mmoja hana uhakika wa kuimudu.

Kinachoifanya Yaowarat idumu ni utaratibu mdogo unaoeleweka. Barabara hutumika kwa zamu, mchana dhahabu na usiku chakula. Jumatatu wachuuzi wengi hupumzika ili pasafishwe. Tangu 2019 kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi, Wat Mangkon, hivyo mteja hafikirii atarudije nyumbani.

Singapore ilichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 iliwahamishia wachuuzi wake katika vituo vyenye maji, mitaro na meza, vingi vikiwa jirani na makazi ya watu. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Njia ni tofauti, lakini kanuni ni ile ile: mchuuzi hupelekwa walipo watu.

Sisi nasi tunao mfano. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009, huwa na wachuuzi wa mishikaki, urojo na juisi ya miwa kila jioni, na haikosi watu. Kwa upande mwingine, jengo la Machinga Complex jijini Dar es Salaam lilikaa miaka mingi likiwa na nafasi tupu, kwa sababu mteja wa bidhaa ndogo hapandi ghorofa kuitafuta. Operesheni za kuwahamisha machinga Tanzania mwaka 2021 na wachuuzi wa Kampala Januari 2022 zilisafisha barabara, lakini hazikumaliza mahitaji yanayowasukuma watu kurudi.

Ni rai yetu kwamba halmashauri na manispaa za nchi za Afrika Mashariki ziache kuligawa jiji kwa mipaka ya eneo tu, zianze kuligawa kwa saa pia. Mtaa wa ofisi na benki unaokuwa mtupu baada ya saa 12 jioni unaweza kuwa soko hadi saa sita usiku. Kinachohitajika ni taa, maji, vyoo, mahali pa kumwaga mafuta, daladala au matatu ya kurudi nyumbani na kibali ambacho mama lishe anaweza kukilipia.

Mchuuzi naye atimize wajibu wake: aache njia ya kupita, na asubuhi mwenye duka akute mahali pamefagiliwa.

Operesheni za mgambo zina gharama, na sufuria iliyomwagwa hailipi ushuru. Kabla ya operesheni nyingine, wakuu wa miji yetu wakae kwanza na wachuuzi wao wakubaliane saa.