Mnada, Saa na Bei ya Haki

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu nchini Uingereza, nilitamani kununua hadubini iliyokwisha kutumika ili niipeleke katika shule ya sekondari niliyosoma. Niliiona katika mnada mmoja wa intaneti uliopangwa kudumu siku saba. Kwa siku sita dau langu lilikuwa juu ya madau yote, na kila jioni nilifungua kompyuta kuhakikisha kwamba hakuna aliyenipita. Siku ya saba, zilipobaki sekunde nne, mtu nisiyemjua alitaja bei iliyozidi yangu kwa pauni moja tu. Kabla sijainua kidole, mnada ulikuwa umekwisha kufungwa.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Juma lililofuata niliingia katika mnada mwingine wa hadubini ya namna ile ile, nikiwa nimeapa kutoshindwa tena. Kweli, sikushindwa. Lakini nilipopiga hesabu baadaye niligundua kwamba, pamoja na gharama za kuisafirisha, nilikuwa nimelipa zaidi ya bei ya hadubini mpya dukani. Hivyo katika muda wa majuma mawili nilionja machungu yote mawili ya mnada: machungu ya kushindwa na machungu ya kushinda.

Wanunuzi wengi wa intaneti huyajua machungu hayo, na aghalabu huyaeleza kuwa ni bahati mbaya au hila za watu. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Tabia ya watu mnadani huzaliwa na kanuni za mnada wenyewe, na hasa kanuni moja ambayo wachache huitazama, nayo ni kanuni ya kufunga. Asiyeijua kanuni hiyo atamlaumu mwenziwe. Aijuaye anaweza kudai ibadilishwe.

Hekima ya bei ya pili

Katika mnada wa kawaida mnadi husimama mbele ya watu, nao hushindana kwa sauti mpaka abaki mmoja. Katika intaneti mnadi ni kompyuta. Soko la eBay, lililoanzishwa na Pierre Omidyar nchini Marekani mwaka 1995, lilieneza utaratibu ufuatao. Mnunuzi huiambia kompyuta bei ya juu kabisa aliyo tayari kulipa, na bei hiyo huwa siri. Kisha kompyuta humwakilisha, ikilipandisha dau lake kidogo kidogo, kwa kiasi cha kumpita mshindani wake tu. Mwishowe mshindi hulipa bei inayokaribiana na ile ya juu ya mtu aliyemfuata, wala si ile aliyoiandika yeye mwenyewe.

Msingi wa jambo hili ulielezwa mwaka 1961 na mtaalamu wa uchumi William Vickrey, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Tuchukue mfano. Redio moja inauzwa, na kwako wewe thamani yake ni shilingi 40,000. Ukiandika 40,000, na mshindani wako mkubwa akaandika 31,000, utaipata kwa takriban 31,000. Je, ungefaidi nini kwa kuandika 35,000? Mshindani akiwa na 31,000, bado ungelipa zile zile 31,000. Lakini akiwa na 37,000 ungeikosa redio ambayo ungeweza kuipata kwa bei iliyo chini ya thamani yake kwako. Na ukiandika 50,000, dau hilo litabadili matokeo pale tu mshindani anapokuwa kati ya 40,000 na 50,000. Hapo utashinda, nawe utalipa zaidi ya thamani ya kitu. Kwa hiyo mwenye busara huandika ukweli wa moyo wake mara moja, akaenda zake kulala.

Kwa nini basi watu husubiri?

Iwapo mambo ni mepesi hivyo, yule mtu wa sekunde nne alikuwa akisubiri nini? Jibu ni kwamba watu wengi hawaandiki ukweli wa moyo wao mara moja. Huanza na bei ndogo, na kila wanapopitwa huongeza kidogo, kana kwamba wamesimama mbele ya mnadi wa kawaida. Tuseme Asha anaithamini redio ile kwa shilingi 40,000, na Juma ni mmoja wa hao waongezao kidogo kidogo. Asha akiweka dau lake Jumatatu, Juma atapanda ngazi moja moja juma zima, na pengine atamfikisha Asha kwenye 39,000. Asha akisubiri mpaka sekunde za mwisho, Juma hatapata nafasi ya kujibu, na redio itauzwa kwa bei ya chini. Kuna sababu nyingine pia. Mjuzi wa vitu vya kale akitaja bei mapema huwajulisha wengine kwamba kitu hicho kina thamani. Akinyamaza hadi mwisho, ujuzi wake hubaki kuwa wake.

Mambo haya yalichunguzwa na Alvin Roth na Axel Ockenfels katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002. Walilinganisha minada ya eBay, ambayo hufungwa kwa saa maalumu, na minada iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo na Amazon. Kanuni za pande zote mbili zilifanana sana, isipokuwa kwamba kwa Amazon dau lililowekwa katika dakika kumi za mwisho liliurefusha mnada, mpaka zipite dakika kumi bila dau jipya. Katika minada 240 ya eBay, 89 ilipata madau katika dakika ya mwisho, na 29 katika sekunde kumi za mwisho. Kwa upande wa Amazon, ni mnada mmoja tu uliopata dau katika dakika ya mwisho ya muda uliopangwa.

Huenda msomaji akasema kwamba pengine wateja wa masoko hayo mawili walikuwa watu wa tabia mbalimbali. Ndiyo maana watafiti hao, pamoja na Dan Ariely, waliligeuza swali hilo kuwa jaribio la maabara, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2005. Vitu vilivyouzwa vilikuwa vya namna moja, na kanuni ya kufunga ndiyo iliyobadilishwa. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kuzaa tofauti ya tabia. Zaidi ya hayo, mnada uliorefushwa ulimpatia muuzaji bei ya juu zaidi.

Jambo lenyewe si geni. Katika Uingereza ya karne ya 17 mnada uliweza kuendeshwa kwa kipande cha mshumaa: aliyetaja bei ya mwisho kabla ya mwali kuzimika ndiye aliyeshinda. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mjini London, alieleza katika shajara yake mwezi Septemba 1662 jinsi mnunuzi mmoja alivyowashinda wenzake katika mauzo ya merikebu. Bwana huyo alikuwa amegundua kwamba mwali unapokaribia kuzimika moshi wake hushuka, naye aliitumia dalili hiyo kujua wakati wa kupaza sauti. Mshumaa umekuwa saa ya kompyuta, lakini kanuni ni ile ile, na tabia ni ile ile.

Machungu ya kushinda

Machungu ya pili hayatokani na saa. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za maeneo ya mafuta katika Ghuba ya Mexico zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Hakuna aliyejua kwa hakika kiasi cha mafuta kilichokuwa chini ya bahari. Kila mmoja alikisia. Wengine walikisia pungufu, wengine wakazidisha. Anayeshinda ni nani? Aghalabu ni yule aliyezidisha kuliko wote. Hali hii huitwa laana ya mshindi.

Mwaka 1983 Max Bazerman na William Samuelson walichapisha jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulirudia. Waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston chombo chenye sarafu za thamani ya dola 8, wakawataka wakisie thamani yake na kuweka madau. Wastani wa makisio yao ulikuwa dola 5.13, yaani darasa kwa jumla lilikisia pungufu. Hata hivyo wastani wa madau yaliyoshinda ulikuwa dola 10.01. Wengi walikuwa waangalifu, lakini mshindi hakutoka miongoni mwao.

Kisa changu cha hadubini ya pili kina sababu moja zaidi, nayo ni hasira. Niliingia mnadani nikiwa sina bei moyoni, ila nina kiapo. Majuto ni mjukuu.

Jambo hili latuhusu

Pengine utauliza, mkulima wa Newala ana haja gani na minada ya redio na hadubini? Ana haja kubwa. Mnada wa chai wa Mombasa, ambao huuza chai ya nchi kadhaa za Afrika, uliingia katika mfumo wa kompyuta mwaka 2020. Hapa Tanzania, katika msimu wa 2024/2025, korosho ziliuzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Nayaunga mkono mabadiliko haya, kwa kuwa kompyuta huwaleta pamoja wanunuzi walio mbalimbali, na huweka kumbukumbu ya kila dau.

Lakini kompyuta haina haki wala dhuluma. Hutekeleza kanuni iliyopewa. Saa ikifunga ghafla, anayefaidi ni mwenye mtandao wa kasi na kidole chepesi, na anayeumia ni mwenye mzigo. Kwa maoni yangu, mnada wowote wa mazao unaoendeshwa kwa madau ya wazi haufai kufungwa ghafla. Dau la dakika za mwisho na liurefushe. Wapo watakaosema kwamba mnada wa namna hiyo hautakwisha. Hoja hiyo haina nguvu, maana kila atakayeurefusha lazima apandishe bei, na hakuna mfuko usio na mwisho. Wapo pia watakaopendelea bahasha za siri. Hilo nalo linajadilika, maadamu kanuni imetangazwa mapema na mkulima ameielewa.

Kwa sababu hiyo naona kwamba mnada unastahili nafasi katika masomo yetu ya hisabati na uchumi. Mwalimu hahitaji intaneti. Chupa ya sarafu na vipande vya karatasi vinatosha kuonyesha wastani, mtawanyiko na laana ya mshindi katika kipindi kimoja. Siku nyingine auze kalamu mara mbili: mara ya kwanza mnada ufungwe kwa saa, mara ya pili urefushwe kila dau jipya linapotokea. Wanafunzi wenyewe wataona jinsi watu wale wale wanavyobadili mwenendo.

Kisha awafundishe kuuliza maswali matatu kabla ya kuingia mnada wowote. Je, mshindi hulipa bei yake au ya mwenziwe? Je, mnada unafungwaje, na ni nani aliyeamua hivyo? Je, bei yangu ya mwisho ni ipi, na nimeiandika nikiwa nimetulia? Swali la tatu litamlinda mfukoni. Lile la pili atalihitaji siku atakapokuwa yeye ndiye mwenye gunia la korosho, anaingoja bei itokee kwenye kioo cha kompyuta.